Bolingi bila ukumbi: kuangusha vigingi katika somo la mazoezi ya mwili shuleni Goma

Neno “bolingi” likitajwa mbele ya wazazi wa Goma, wengi husikia kwanza “bolingo”, yale mapenzi ya nyimbo za Kinshasa. Wachache waliobaki hufikiria ukumbi wenye taa nyingi, sakafu inayong’aa na viatu vya kukodi, mambo ambayo wameyaona kwenye televisheni tu. Kwa hiyo mwalimu anayemwendea direkta wa shule ya msingi, au prefe wa shule ya sekondari, akiomba mchezo huo uingizwe katika somo la mazoezi ya mwili, hukutana na maswali mawili. La kwanza ni pesa za anasa hiyo zitatoka wapi. La pili ni kama kweli kusukuma mpira kwenye chupa kunaweza kuitwa mazoezi. Maswali yote mawili ni ya haki, lakini yanachanganya vitu viwili vinavyobeba jina moja: mchezo wa ukumbini, wenye mashine na vipimo vyake, na tendo lenyewe la kuviringisha kitu kizito kuelekea shabaha, ambalo halijawahi kuhitaji ukumbi. Inafaa kuanza na ule wa ukumbini, kwa sababu vipimo vyake ndivyo vinavyotuonyesha kipi kinaweza kupunguzwa bila hasara na kipi kikiguswa mchezo unakufa.

Ukumbini, mchezaji husimama nyuma ya mstari ambao hapaswi kuuvuka, na kutoka mstari huo hadi kigingi cha mbele ni mita 18.29. Njia ya kuviringishia ina upana unaozidi mita moja kwa sentimita chache tu, imepakwa mafuta, na pande zake mbili zina mifereji inayolimeza tufe lililopotea. Vigingi ni kumi, vimepangwa katika pembetatu yenye safu nne za kimoja, viwili, vitatu na vinne, na kila kimoja kina urefu wa sentimita 38 na uzito wa kilo moja na nusu au zaidi kidogo. Tufe lenyewe haliruhusiwi kuzidi kilo 7.26. Sheria hizi zilianza kuunganishwa mwaka 1895 mjini New York, shirika la American Bowling Congress lilipoundwa. Kabla ya hapo kila mji ulicheza kwa desturi yake, na Wajerumani walikuwa na mchezo wa zamani zaidi wa vigingi tisa. Mwaka 1988 bolingi ilionyeshwa kwenye Olimpiki ya Seoul bila kutolewa medali rasmi, na mpaka leo haijaingizwa katika orodha ya michezo ya Olimpiki, ingawa huko Marekani ni mchezo wa mashindano kati ya shule za sekondari katika majimbo kadhaa.

Katika vipimo hivyo vyote, kinachoihusu shule ya Goma ni uwiano. Vituo vya vigingi viwili jirani vimeachana kwa sentimita 30.5, pungufu ya urefu wa kigingi, na ndiyo maana kigingi kinachoanguka kinaweza kumfikia jirani yake na kumwangusha. Mchezo wote umejengwa juu ya nafasi hiyo ndogo. Chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu ina urefu wa takriban sentimita 32, kwa hiyo zikipangwa kwa umbali wa sentimita 25 hivi, uwiano unabaki uleule. Sentimita 25 ni shibiri ya mtu mzima mwenye mkono mkubwa, na mwalimu hahitaji kubeba rula. Asiyejali jambo hili huzitawanya chupa ili uwanja upendeze macho, kisha anashangaa kwa nini hakuna mwanafunzi anayeangusha zaidi ya mbili.

Chupa tupu haifai, kwa kuwa upepo wa ziwa utaiangusha kabla ya mpira kufika. Itiwe mchanga mweusi wa volkano, ambao mjini kwetu hauna haja ya kutafutwa, kwa kipimo cha glasi moja kwa kila chupa bila kuzidisha wala kupunguza, kisha kifuniko kikazwe. Mchanga hukaa chini, nao uzito unaokaa chini ndio unaoifanya chupa isimame imara na hata hivyo iweze kulala ikiguswa juu kidogo ya tumbo. Kigingi cha kweli nacho kimechongwa kwa hesabu hiyo: kinene chini, chembamba shingoni. Chupa moja ikiwa na glasi mbili na nyingine nusu glasi, alama za mchezo hazina maana tena, na wanafunzi huligundua hilo haraka kuliko mwalimu. Chupa za vioo zisitumike kabisa, hata kama jirani wa shule ni baa na anazitoa bure. Shule inayoweza kulipa kidogo iongee na mafundi wanaochonga chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, kwa maana mti wa mkaratusi wanaoutumia ni mgumu wa kutosha kuvumilia kugongwa mwaka mzima.

Tatizo kubwa la Goma ni ardhi. Lava iliyoshuka kutoka mlima wa volkano wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 iliingia hadi katikati ya mji, ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilifunika maeneo ya kaskazini, na chini ya hizo kuna lava za zamani zaidi. Viwanja vingi vya shule, kwa hiyo, ni mawe meusi yenye meno. Mpira mwepesi unaoviringishwa juu yake huruka kila unapokutana na jiwe, na mchezo unageuka kuwa bahati nasibu. Kuna njia mbili za kupunguza tabu hiyo. Ya kwanza ni kuchagua mahali: baraza ya saruji mbele ya madarasa, au kipande cha uwanja kilichofagiliwa na kumwagiwa changarawe laini, kikatandikwa turubai iliyokazwa na kuwekewa mbao mbili za kando badala ya mifereji. Ya pili ni kuongeza uzito, kwa sababu kitu kizito zaidi hakipotezwi njia kwa urahisi na kokoto. Mpira wa miguu uliochakaa, ukapasuliwa, ukajazwa matambara na mchanga kidogo katikati na kushonwa tena, unaweza kufika kilo moja au moja na nusu, na huo unatosha kwa mtoto wa miaka kumi kuuviringisha umbali wa mita sita hadi nane. Mawe yasiviringishwe kamwe. Nalisema wazi kwa sababu mahali palipojaa mawe mtoto atalifikiria jiwe kabla ya kitu kingine.

Swali la pili la wazazi, kama haya ni mazoezi kweli, linastahili jibu refu zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za shughuli zinazoharakisha mapigo ya moyo. Anayecheza bolingi ukumbini hafikii hapo: hupiga hatua nne, huachia tufe, kisha hurudi kukaa akisubiri wenzake. Wanaoupinga mchezo huu shuleni kwa hoja hiyo wanasema kweli kuhusu ukumbi. Wanachokisahau ni kwamba jasho la mchezo huu halikuwa kwa mchezaji tangu mwanzo. Lilikuwa kwa mpanga vigingi. Kwa miaka mingi, nyuma ya kila njia alikaa kijana, mara nyingi mtoto wa maskini, aliyeruka chini baada ya kila tufe, akaondoa vigingi vilivyolala, akarudisha tufe kwa mchezaji, akapanga upya vigingi kumi na kupanda tena mahali pake kabla hajavunjwa mguu. Kazi hiyo iliondolewa na mashine aliyoibuni Gottfried Schmidt, ambayo kampuni ya AMF iliionyesha hadharani mwaka 1946 na kuanza kuiweka kumbini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kumbi zikaongezeka, na nusu ya mchezo iliyokuwa na kuinama, kuchuchumaa, kubeba na kukimbia ikawa kazi ya mota.

Shule ya Goma haina mashine, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloupa mchezo huu haki ya kuingia katika kipindi cha mazoezi ya mwili. Uwanjani, upangaji wa chupa ni kazi ya wanafunzi wenyewe kwa zamu, na mwalimu anayejua anachokifanya huupa uzito uleule anaoupa uviringishaji. Anayepanga achuchumae kwa magoti badala ya kupinda mgongo, anyanyue chupa kwa mikono miwili, kisha akimbie hadi kando. Anayerudisha mpira aurudishe kwa mbio, si kwa kuutupa. Mchezo ukiendeshwa hivyo, anayeviringisha ndiye pekee anayepumzika kati yao.

Hapa ndipo hesabu ya darasa inapoamua kila kitu. Chukua wanafunzi 60 na njia moja tu. Zamu ya mtu mmoja, pamoja na kupanga chupa upya, huchukua kama sekunde 40. Wote 60 wakipita, dakika 40 zimekwisha na kila mmoja amecheza mara moja. Hilo si somo, ni foleni. Sasa wagawe katika makundi kumi ya watu sita: mmoja anaviringisha, wawili wanapanga, mmoja anarudisha mpira, mmoja anaandika alama na mmoja anasimama kwenye mstari kuangalia mguu usivuke na kupiga ukelele wa “tayari” wapangaji wanapokuwa wametoka. Bila ukelele huo mpira hauachiwi. Katika dakika 20 kila mtu anacheza zamu tano, ambayo ni nusu ya mchezo kamili, na zinabaki dakika za kupasha mwili joto na za kukimbia. Chupa mia moja zikiwa nyingi mno kuzikusanya, pembetatu ya chupa sita, yaani moja, mbili na tatu, inatosha, na chupa 60 zinalihudumia darasa zima.

Tukifika kwenye alama, tunafika kwenye fundo ambalo limewakatisha tamaa walimu wengi, nao mara nyingi huishia kuhesabu chupa zilizoanguka na kuzijumlisha. Mchezo kamili una zamu kumi. Katika kila zamu mchezaji ana mitupo miwili ya kuangusha vigingi vyote kumi. Akiviangusha vyote kwa mtupo wa kwanza, hiyo ni straiki. Akivimaliza kwa mtupo wa pili, hiyo ni speya. Akibakiza hata kimoja, anaandikiwa idadi iliyoanguka na basi. Ugumu wote unatokana na kanuni moja: straiki inalipwa kumi pamoja na mitupo miwili inayofuata, na speya inalipwa kumi pamoja na mtupo mmoja unaofuata. Mwenye duka aliyezoea daftari la madeni ataielewa kabla ya mwalimu kumaliza kueleza. Aliyepiga straiki amefungua mstari ambao hauwezi kujumlishwa leo. Lazima usubiri malipo mawili yafike.

Tumfuate mwanafunzi mmoja, tumwite Furaha. Zamu ya kwanza anapiga straiki. Mwandishi wa alama anaweka msalaba na haandiki tarakimu. Zamu ya pili anaangusha saba, kisha tatu zilizobaki, ambayo ni speya. Sasa deni la zamu ya kwanza limelipwa: kumi, na saba, na tatu, jumla 20. Zamu ya pili nayo inasubiri mtupo mmoja. Zamu ya tatu anaangusha nne, kisha mbili. Ile nne inaifunga zamu ya pili kwa 14, na jumla inafika 34. Zamu ya tatu yenyewe ni sita, na jumla ni 40. Angalia kwamba chupa zilizoanguka kwa macho ni 26 tu. Zile 14 za ziada zimetoka kwa mitupo iliyohesabiwa mara mbili, kwanza katika zamu yake yenyewe, kisha katika zamu iliyotangulia iliyokuwa ikiidai. Mwanafunzi akishaliona hilo, haulizi tena kwa nini mchezo mkamilifu una alama 300 wakati zamu ni kumi tu: kila zamu imelipwa 30, na zamu ya kumi imeongezewa mitupo miwili ili deni lake lisibaki hewani, ndiyo maana straiki zinazohitajika ni 12. Mwalimu wa hesabu anaweza kuwauliza kinachotokea mtu akipiga straiki na speya kwa kupokezana tangu mwanzo hadi mwisho. Wakifanya kazi vizuri watagundua kwamba kila zamu inatoa 20 barabara, na jumla ni 200.

Kwa watoto wadogo wa shule ya msingi kanuni hii ni nzito mno, na hakuna aibu kuirahisisha, kwa kuwa hata shirikisho la kimataifa limetumia katika baadhi ya mashindano yake mfumo mwepesi ambapo straiki inaandikwa 30 papo hapo, na speya inapata kumi pamoja na idadi iliyoangushwa na mtupo wa kwanza wa zamu hiyohiyo. Hakuna kusubiri, hakuna deni, na 300 inabaki kuwa kilele. Ningeuanza huo na darasa la nne, kisha ule wa zamani niupeleke sekondari.

Jambo lingine linalowachanganya watu ni nguvu. Mvulana mwenye mabega hudhani atashinda kwa kuutupa mpira kama bomu, akilenga kigingi cha mbele katikati ya paji la uso. Matokeo yake mara nyingi ni mabaya: tufe linapasua katikati na kuacha vigingi vimesimama kushoto na kulia, mbali mbali, visivyoweza kufikiwa kwa mtupo mmoja. Vigingi huhesabiwa kuanzia cha mbele, safu kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia. Mchezaji hodari wa mkono wa kulia hulenga nafasi iliyo kati ya kigingi cha kwanza na cha tatu, kile kilicho nyuma yake upande wa kulia, na huingia kwa pembe ndogo. Katika straiki safi ya namna hiyo, tufe lenyewe hugusa vigingi vinne tu, cha kwanza, cha tatu, cha tano na cha tisa. Sita vilivyobaki huangushwa na wenzao. Cha kwanza kinakipiga cha pili, cha pili kinakipiga cha nne, cha nne kinakipiga cha saba. Upande wa pili cha tatu kinakipiga cha sita, nacho kinakipiga cha kumi. Na katikati cha tano kinakipiga cha nane. Kwa chupa na mpira wa matambara mambo hayatakuwa safi kiasi hicho, ila kanuni inaonekana, na ndiyo inayompa msichana mwembamba nafasi sawa na nahodha wa timu ya mpira wa miguu.

Mkono nao una utaratibu wake. Unaning’inia kutoka begani na kubembea kama timazi ya fundi mwashi. Kasi ya mpira inatoka kwenye urefu uliobembea kutoka nyuma, wala si kwenye msuli uliokazwa. Mtoto aanze akiwa amesimama, miguu imeachana, akiviringisha kwa mikono miwili. Kisha atumie mkono mmoja kwa hatua moja, na mguu unaotangulia uwe wa upande ulio kinyume na mkono wenye mpira. Hapo ndipo wengi hukosea na kupinda kiuno. Hatua nne za ukumbini zije mwisho, na zisije kabisa kama nafasi haitoshi. Mpira uachiwe karibu na ardhi, usidondoshwe kutoka kiunoni. Na macho yasitazame chupa. Kumbini kuna mishale saba iliyochorwa sakafuni, mita nne hivi mbele ya mstari, na wachezaji wazuri hulenga mshale kwa sababu shabaha ya karibu haidanganyi kama ya mbali. Uwanjani, mstari wa chaki au kitambaa kilichoshonwa juu ya turubai katika theluthi ya kwanza ya njia hufanya kazi hiyohiyo.

Katika shule za Goma wapo wanafunzi ambao kipindi cha mazoezi ya mwili kimekuwa cha kukaa pembeni wakilinda mashati ya wenzao: aliyepata polio, aliyekatwa mguu, asiyeona vizuri. Bolingi inawafungulia mlango kwa gharama ya ubao mmoja. Katika bocha, mchezo wa mipira ya ngozi ulioingia Paralimpiki mwaka 1984, wasioweza kurusha kwa mkono huruhusiwa kutumia mteremko ambao mpira huwekwa juu na kuachiliwa. Mbao mbili za mkaratusi zilizopigiliwa kwa umbo la mfereji zinatosha kuutengeneza. Wasioona huko kumbini hutumia reli ya kushikilia inayowaonyesha mwelekeo, na kamba iliyokazwa kati ya nguzo mbili kwa kimo cha kiuno inafaa vilevile. La msingi ni kwamba mwanafunzi huyo apewe pia kazi ya kuandika alama na kusimamia mstari kwa zamu yake, asigeuzwe kuwa karani wa kudumu wa kundi.

Bado lipo suala la buletini, yaani karatasi ya matokeo ya mwanafunzi, na hapa nakubaliana na wanaotahadharisha. Somo la mwaka mzima lisijazwe bolingi. Wiki nne au tano zinatosha, tena kwa kupakana na mbio na michezo ya timu ambayo haina mbadala kwa mapafu ya mtoto. Alama ya buletini isitokane na idadi ya chupa, kwa maana anayecheza barazani kwenye saruji na anayecheza kwenye changarawe hawakupewa ardhi moja. Mwalimu atazame mguu uliotangulia, mkono ulivyobembea, namna ya kuchuchumaa wakati wa kupanga, kungoja ukelele, na usahihi wa hesabu ya aliyeandika. Karatasi ya alama ya kila kundi ikae kwa wanafunzi wenyewe, imekunjwa ndani ya daftari la mmoja wao, kwa sababu wiki ijayo zamu ya sita itaanza pale ambapo straiki ya zamu ya tano imeacha deni.